Akili mnemba ilipokuwa ikihesabu kejeli kama sifa

Mahojiano yalikuwa ya wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa, Mbeya: nani anapiga kura, nani haendi, na kwa nini. Nilitaka akili mnemba iyapange kwa misimamo. Shida ni kwamba kejeli zote ziliangukia kwa walioridhika. Muuza viazi anasema, "Tunamshukuru diwani, mvua ikinyesha tunaogelea bure," programu inaandika: anaunga mkono. Kuogelea, na baridi hii ya Mbeya!

Niliacha kuipa sentensi moja moja. Nikaipa swali, jibu na yaliyotangulia, nikaitaka inukuu maneno iliyoyategemea kabla ya kuamua. Nikaongeza na kundi la "haieleweki", maana bila hilo inabahatisha tu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhakiki. Vijana wawili wenyeji, mmoja anajua Kisafwa, walisoma sampuli kila mtu kivyake, bila kuona majibu ya mashine. Makubaliano nikayapima kwa kappa ya Cohen, kipimo cha mwaka 1960 kinachoondoa makubaliano ya bahati. Asilimia tupu hudanganya: kama watu 90 kati ya 100 wanapinga, mashine inayojibu "anapinga" kila mara inapata asilimia 90 bila kusoma lolote, lakini kappa yake ni 0. Vijana walipotofautiana tulirekebisha mwongozo kwanza, ndipo mashine ikapimwa dhidi yao.

Sasa kejeli nyingi inazinasa. Anayeguna "mmh" tu, huyo bado namsikiliza mwenyewe kwenye rekodi.