Kamba ya meli, matairi chakavu na mwendo wa bodaboda mtaani kwetu

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kinatazama barabara ya mtaa, huku Chikongola, Mtwara mjini, kwa hiyo kila kinachopita hapo nakiona kabla sijamaliza pindo. Barabara ilipokuwa ya vumbi na mashimo, bajaji ilipita inayumba kama bata. Lami ilipowekwa tulipiga vigelegele. Mwezi haukuisha, njia yetu ikawa mkato wa kila asiyetaka kukutana na trafiki kule barabara kuu.

Kwanza aligongwa mbuzi wa jirani. Tukamsikitikia, tukanywa supu. Kisha akagongwa mtoto wa darasa la pili akitoka madrasa, akavunjika mguu. Baada ya siku mbili vijana wakaamka usiku wakajenga tuta. Sikuwaona wakijenga, ila mchango wa saruji nilitoa, sina haja ya kujificha. Walipanga mawe ya matumbawe, wakashindilia udongo, wakapiga saruji juu. Kimo chake kilikuwa cha ndoo ndogo, halina rangi wala kibao.

Halikumaliza wiki. Bodaboda mmoja alilivaa gizani, abiria akachanika kidevu. Kesho yake bajaji iliyokuwa inampeleka mjamzito hospitali ya Ligula ikagoma kulipanda. Mama wa watu akashuka, akalivuka kwa miguu huku kashika kiuno, akapanda tena upande wa pili. Nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka chini.

Amri ikaja tuta livunjwe. Kwenye mkutano wa mtaa nikasimama kulalamika kwamba tunavunjiwa bila kupewa mbadala, na mwenyekiti, mtu mjanja yule, akasema, "Mama fundi ndiye anayeshinda barabarani. Kamati aiongoze yeye." Nikakaa chini nimeshapata kazi.

Barabara za mitaa kama yetu ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017; zile kuu ni za wakala mwingine, TANROADS. Raia haruhusiwi kujijengea tuta tu kwa sababu ana hasira. Barua yetu ya kwanza ilipotelea kwenye meza fulani ambayo siitaji. Ya pili tuliipeleka kwa mkono, mimi na mtendaji wa mtaa, na safari hii akaja mhandisi, kijana mpole mwenye viatu vya vumbi.

Swali lake la kwanza: "Wanakwenda mwendo gani, mama?"

"Wanakwenda mbio."

"Mbio kiasi gani?"

Nikabaki kimya. Akaeleza kwamba sheria kwenye makazi inaruhusu kilomita 50 kwa saa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu 50 mbele ya mlango wa madrasa ni nyingi. Dereva wa 30 akimwona mtoto, mpaka azinduke na asimame anatumia kama mita 13. Wa 50 anatumia kama 28, na hapo breki ni nzima na lami ni kavu. Akahesabu hatua kutoka mlango wa madrasa, akasimama pale mita 28 zinapoishia. Ilikuwa ni mbele ya cherehani yangu. Sikuhitaji somo jingine.

Akanifundisha kupima. Weka alama mbili zenye umbali wa mita 50, hesabu sekunde kwa simu, kisha gawa 180 kwa sekunde hizo. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 4 ni 45. Umbali nikaupima kwa futi yangu ya ufundi ya sentimita 150: mara 33, kisha nusu mita juu yake, kutoka nguzo ya umeme hadi mwembe. Mhandisi alicheka, akaja na tepu yake ndefu, na tofauti ilikuwa chini ya shubiri. Akaacha kucheka.

Siku ya kwanza ya kupima ilikuwa kazi bure. Nilisimama kando ya barabara na simu mkononi, kila bodaboda akaniona kama askari wa tochi, wote wakapita kwa adabu za msibani. Siku ya pili nikarudi kwenye cherehani, simu nikaificha chini ya kanga ya mteja, mpwa wangu nikamkalisha mwembeni na ndizi. Pikipiki ikimfikia anavua kofia. Hapo ndipo nilipoona ukweli: wengi sekunde 4, na asubuhi ya kuwahisha wanafunzi wapo waliopita kwa tatu na nusu, yaani wamevuka 50. Na waliokuwa wanakimbia hivyo ndio wenye watoto watatu mgongoni.

Tukaruhusiwa kujaribu kwa vitu vya kuondoleka, kabla ya kumwaga zege lolote. Hilo ndilo ningewaambia wenye mitaa mingine: zege likikosewa utaishi nalo, tairi likikosewa unalisogeza.

Jaribio la kwanza lilikuwa viroba vya mchanga, na niseme tu kwamba ni upuuzi. Vilipasuka siku ya pili, mchanga ukatapakaa kwenye lami, na pikipiki kwenye mchanga inateleza kuliko kwenye matope. Tulifagia usiku.

Ndipo tukaenda kwa mafundi pancha kuomba matairi chakavu ya lori. Tuliyapaka nyeupe na nyekundu, tukayajaza mawe, tukapanga matatu kushoto, na hatua thelathini mbele matatu kulia, ili dereva alazimike kupinda kidogo. Katikati tuliacha nafasi ya gari la wagonjwa kupita. Magari yalipunguza siku hiyohiyo. Bodaboda nao walipunguza, kwa muda wa kama saa mbili hivi, hadi mmoja alipogundua kwamba kati ya tairi na mfereji kuna upenyo. Kufikia jioni wote walikuwa wanapita huko, kwenye kile kinjia ambacho watoto wanatembea. Yaani tulikuwa tumeitoa hatari katikati ya barabara tukaipeleka miguuni mwa watoto. Nisingekuwa nimekaa pale nikiangalia, karatasi yangu ingeonyesha ushindi, maana saa ilikuwa inasoma sekunde 6.

Tukaziba upenyo kwa mawe makubwa hadi ukingoni. Tairi moja liliibwa. Nina hakika saa hizi ni katambuga za mtu.

Jaribio la kamba lilitokana na jirani anayefanya vibarua bandarini. Uani kwake alikuwa na kipande cha kamba ya kufungia meli, nene kama mkono wangu, imechakaa. Tuliikata vipande vinne, tukavilaza kukatiza barabara kwa kufuatana, tukavibana kingoni kwa misumari mirefu. Rasta hiyo, yaani vituta vyembamba vya kutetemesha magurudumu. Ilifanya kazi vizuri mno, ila tuliilaza karibu na dirisha la bibi mmoja. Asubuhi ya tatu akaja kibarazani kwangu na fimbo yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, usiku kucha mnanipigia ngoma. Mnanicheza unyago uzeeni?"

Tukaihamisha mchana ule. Lakini hata ilipohamia pasipo na nyumba, nilipopima mbele yake niligundua jambo: wakishaivuka tu wanavuta mafuta, na kabla ya kufika madrasa wamerudi kwenye sekunde 4. Nikamwonyesha mhandisi daftari. Akasema ndiyo maana tuta moja refu la kwenda juu halisaidii. Kinachosaidia ni vitu viwili vitatu vya wastani vinavyofuatana kabla dereva hajapata nafasi ya kuongeza mwendo. Tuta jembamba linamrusha abiria na kumuumiza mgonjwa. Lile pana, kama lile la vipimo vya Uingereza vya miaka ya 1970, mita 3.7 kutoka upande unaopanda hadi unaoshuka na kimo cha sentimita 10, linapandika taratibu bila maumivu, ila ukilikimbilia linakunyanyua.

Nilipima tena baada ya wiki mbili, kwa sababu watu huogopa kitu kipya kisha wakakizoea. Kwenye matairi walikuwa wamebaki sekunde 6, mara nyingine 7. Hapo ndipo tukaandika barua ya tatu na kuambatanisha kurasa za daftari langu, zenye michoro ya mikono ya shati upande wa nyuma.

Tulichopata si vyote tulivyoomba. Tumepata tuta moja pana lenye pundamilia juu yake mbele ya madrasa, na vibao viwili. Sehemu ya matairi imejengwa kingo za mawe zilizopakwa rangi. Ombi la tatu limesubirishwa bajeti. Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda alinuna mwezi mzima, mpaka mwanawe mwenyewe alipoanza madrasa.

Sasa msimu wa korosho umefunguliwa. Malipo yakianza kuingia, kila anayevuna ananunua pikipiki, na wageni wa barabara yetu wanakuwa hawajui tuta wala mtoto. Jana nimemrudisha mpwa wangu mwembeni. Anadai ndizi mbili siku hizi. Na kando ya tuta jipya maji hayana pa kupita, mfereji umezibwa na zege lililomwagika. Mvua zikianza Desemba pale patakuwa bwawa. Barua ya nne iko kwenye cherehani, bado haijapigwa mhuri.