Nilipima kumbukumbu, kumbe kilichopotea ni umakini

Sentensi niliyochoka kuisikia ni "huo ni uzee tu." Mzee akiwa sawa Jumatatu, Jumatano asimjue mwanawe, ni uzee gani umeingia katikati? Demensia, ukiwemo ugonjwa wa Alzheimer, hula akili kwa miezi na miaka. Linalozuka kwa saa au siku chache, likawa linapanda na kushuka mchana kutwa, huitwa deliriamu, na chanzo mara nyingi kiko nje ya ubongo. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, hicho ni kiharusi mpaka daktari akikanushe. Wahi hospitali, mengine utayasoma baadaye.

Haya nilikuwa nayajua, na bado nilipomuuguza mama nilikosea. Siku mbili nzima niliuliza: leo tarehe ngapi, huyu nani, umekula nini? Mwenye demensia na mwenye deliriamu wote hufeli maswali hayo, kwa hiyo hayatenganishi kitu. Alasiri alipojibu vizuri nikaona amepona. Daftari langu lilikuwa na neno "amechanganyikiwa" mara sita, neno ambalo daktari hawezi kulifanyia lolote.

Pima umakini. Mwambie ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba. Akipata 7 au zaidi, vizuri. Demensia ikiwa changa, wengi hufika huko, ingawa polepole. Mwenye deliriamu huanza Desemba, Novemba, kisha anapotelea dirishani, au anageuka kuhesabu kwenda mbele bila kujua. Wasiozoea miezi niliwapa siku za wiki, nikanaswa: kuanzia Jumatano kushuka, tano, nne, tatu, pili, mosi zimo ndani ya majina yenyewe, ulimi unateremka hata akili ikiwa mbali. Sasa naanzia Jumapili, ili mapema kabisa avuke Ijumaa na Alhamisi. Hapo ndipo wanapokwama. (Najisifu kidogo kwa hili.) Asiyeongea mshike mkono, msomee herufi 10 polepole, A ziwe 4, akubane kila anaposikia A. Makosa zaidi ya 2, umakini haupo.

Rudia asubuhi, alasiri na usiku, uandike namba, si maelezo.

Kisha tafuta chanzo, na mimi huanza na dawa. Kusanya zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za kununua bila cheti. Ushauri mbaya kuliko yote niliopewa: "Mpe ile ya mafua inayoleta usingizi, atatulia." Difenhidramini, klorofeniramini na prometazini huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitegemea kwa umakini na kumbukumbu. Amitriptilini na oksibutinini nazo vivyo hivyo. Ubaya wake hauishii kichwani: hufunga choo na kuzuia mkojo, na kibofu kilichojaa peke yake kinatosha kumchanganya mzee. Kwa mama, usiku mbili za dawa hiyo ya mafua zilitosha. Nguo zililowa kila mara, nikaamini mkojo unatoka. Kumbe kibofu kilikuwa kimejaa pomoni, kinafurika kidogo kidogo. Papasa chini ya kitovu: ukikuta uvimbe mgumu na anakunja uso, anahitaji mpira wa mkojo siku hiyo hiyo. Ila usimwachishe dawa kiholela. Dawa za usingizi zilizotumika muda mrefu, zikikatwa ghafla, nazo huleta deliriamu, na pombe vilevile.

Anayetumia insulini mpime sukari kabla ya chochote. Maambukizi kwa mzee yanaweza kuja bila homa. Sodiamu, chumvi iliyomo kwenye damu, ikishuka, hasa kwa wanaotumia dawa za kukojoza, akili huvurugika. Uliza pia kama alianguka, hata wiki kadhaa zilizopita: damu huweza kujikusanya taratibu juu ya ubongo.

Anayepiga kelele huletwa hospitali. Anayelala kutwa na kujibu kwa neno moja husifiwa kuwa ametulia, na huyo ndiye anayepitwa.

Nyumbani mrudishie miwani na kifaa cha kusikia, mchana pawe na mwanga, usiku usimwamshe bila sababu. Vipimo vya demensia visubiri. Akili hurudi kwa siku, wiki, hata miezi, na wengine hawarudi walipokuwa. Miezi aliyoipata mama kurudi nyuma, asubuhi kwa asubuhi baada ya mpira kuwekwa na dawa kusimamishwa, ilikwenda 2, 2, 4, 3, 7, 6, 11. Ile 3 ilitaka kunirudisha kwenye dawa ya usingizi.