Asilimia 91 ya mguu upi?

Jumamosi nilitimiza miezi sita tangu nipasuliwe goti Dar. Mdogo wangu akanishikia futi ya fundi cherehani ukumbini kwetu, hapa Wete. Nikasimama kwa mguu wa kushoto, ule mzima, nikaruka mbele na kutua kwa mguu huohuo bila kuyumba: sentimita 140. Wa kulia, 128. Ukigawa unapata asilimia 91, na wataalamu wengi wanataka ifike angalau 90 kabla ya mchezaji kurudi uwanjani. Nilimkumbatia mdogo wangu, kisha nikampigia kocha.

Usiku nikalitafuta daftari. Kabla ya kupasuliwa, dada wa mazoezi ya viungo alinirusha kwa mguu mzima akaandika: 168. "Kaka, itunze hii, utakuja kuitaka," aliniambia, na mie sikumwelewa.

Kumbe mguu wangu wa kushoto nao umepoteza sentimita 28! Miezi yote hii haukukimbia wala haukupanda mkarafuu, ulikaa tu ukimngoja mwenzake. Nimekuwa nikiupima mguu mgonjwa kwa mguu uliodhoofu. Nikichukua ile 168, wa kulia uko asilimia 76.

Iliniuma sana, kwa sababu ligi inaanza mwezi ujao na mie nilishajiona winga ya kulia. Lakini hata kuruka peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kufika mbali kwa nguvu za nyonga na kifundo, goti likawa halijafanya kazi yake. Nilipima na paja, sentimita 15 juu ya pia ya goti: la kulia bado jembamba kwa sentimita mbili. Na ligamenti mpya, ile kamba ya ndani inayoshikilia mifupa ya goti, niliyotengenezewa kwa kano ya nyuma ya paja langu mwenyewe, bado inajijenga huko ndani. Wanaorudi kwenye mpira kabla ya miezi tisa huumia tena zaidi kuliko wanaosubiri. Wewe uliye karibu kupasuliwa, nakuomba: pima mguu wako mzima sasa, uandike.

Nimempigia kocha tena, nimemwambia asinihesabu mzunguko wa kwanza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, mwanangu, tupo."

Sakafuni nimechora mstari wa chaki kwenye 168. Mama nimemwomba asiufute akipiga deki.