Pale maji yanapopwa

Jumamosi, usiku

Nimeoga mara mbili na mikono bado inanuka farasi. Jasho, ngozi ya tandiko, chumvi ya bahari. Mapaja yananiuma na usingizi hauji, basi naandika.

Siku za kazi niko bandarini Kilindini na makaratasi ya makontena. Jumamosi napanda farasi. Huu ni mwaka wa tatu. Ilianza nilipompeleka binti yangu ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule tunaouita Pirates, wakati wa Idi. Njia nzima aliimba kuhusu farasi. Alipofika karibu, akaona ukubwa wa kile kichwa, akakataa katakata. Pesa nilikuwa nishalipa, basi nikapanda mimi. Kijana aliyeshika kamba alinizungusha kama dakika kumi. Niliposhuka magoti yalitetemeka, na moyoni nilikuwa nishaamua kurudi.

Mamangu hakupenda. "Mtu mzima na wanawe, wapanda mnyama mbele za watu?" Nikamkumbusha bibi, mamake mwenyewe. Bibi alikuwa akitusomea tendi usiku, taa ya chemni pembeni, na katika tendi shujaa hakosi farasi. Farasi anatimka, vumbi linaziba jua, mshairi anasifu singa zake na mwendo wake. Na bibi, maskini, maisha yake yote Mombasa alikuwa ameona punda wa mkokoteni tu. Nikimfikiria sasa naona ajabu: alimjua farasi wa beti vizuri kuliko mimi ninayempanda. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema nivae suruali pana chini ya dera na nisisahau kofia ngumu. Ndiyo idhini niliyopata.

Kwa nini pwani yetu haikuwa na farasi wengi, hilo nilijifunza kwa saisi. (Saisi ni yule kijana anayewatunza farasi. Neno lenyewe limeanza kusahaulika, lakini nilipomwita hivyo mara ya kwanza alicheka kwa furaha, likabaki.) Bara kuna mbung'o, hata Shimba Hills hapo ng'ambo ya Likoni wapo, na mbung'o humwambukiza farasi nagana, akakonda mpaka akaisha. Halafu kuna usubi, vile vidudu vidogo usivyoviona, vinavyoeneza maradhi mengine makali ya farasi. Punda na punda milia huyabeba maradhi hayo bila kuumwa sana, farasi hufa. Usubi huuma zaidi jua likizama na usiku, kwa hiyo kabla ya magharibi farasi wetu huwa wameshaingia bandani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji huu ulikuwa na reli nyembamba mabarabarani, na wakubwa walipanda vigari vilivyosukumwa na watu, mbio, juani. Kazi ambayo miji mingine ilimpa farasi, hapa alipewa binadamu. Sipendi kuziangalia picha zile, lakini huziangalia.

Shela ndiye farasi wangu. Si wangu kwa kumiliki, ni wangu kwa Jumamosi. Farasi jike, rangi ya hudhurungi, mguu mmoja wa nyuma mweupe kama amekanyaga chokaa. Humpandi kwa nyuma wala humshtui kwa nyuma. Macho yake yako ubavuni, anaona karibu mzingo mzima, isipokuwa nyuma ya mkia na chini ya pua yake. Ukimjia, mjie begani, umsemeshe kwanza. Na hatamu! Maisha yetu yote tunasikia fulani ameshika hatamu za uongozi, na mimi nilidhani kushika hatamu ni kukaza mkono. Siku ya kwanza nilikaza, Shela akarusha kichwa. Saisi akaniambia, "Mama, lijamu liko kinywani mwake, juu ya ulimi. Shika kama ulivyomshika mtoto mkono akivuka barabara." Sijasahau.

Na tunapanda wapi? Watu huniuliza hivyo. Mombasa kisiwani hakuna pa kumpeleka farasi. Bustani ya Mama Ngina ilipotengenezwa upya na kufunguliwa 2019 ilipendeza kweli, jioni naenda na wanangu kula muhogo na kuangalia meli zikiingia, lakini chini ni kabro na saruji, kwato huteleza. Uwanja wa Makadara, tulikokwenda na nguo mpya siku za Idi, ni padogo na pamejaa. Jumapili pale Pirates kuna mipira, watoto, ngamia, maboya ya kukodisha. Siwezi kupitisha mnyama wa kilo mia nne na zaidi katikati ya watoto wanaojenga nyumba za mchanga. Kwa hiyo kiwanja chetu ni kimoja: ule mchanga mgumu, mbichi, bahari inaouacha ikirudi nyuma. Maji yakijaa, hatuna kiwanja. Yakipwa, tunacho cha kilomita nyingi. Neno pwani limetoka hapohapo, kwenye kupwa, na nilisema neno hilo miaka arubaini bila kulisikia mpaka nilipolikanyaga kwa kwato.

Basi wiki yangu sasa naipanga kwa mwezi, kama wavuvi. Kila siku maji yanachelewa kwa dakika hamsini hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, kwetu hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, na mchanga unakwenda mpaka unachoka kuutazama, lakini jua nalo limeshapanda. Maji mafu, yale yanayopwa kidogo tu, hayakupi nafasi kubwa. Zuri zaidi ni siku chache kabla ya mwezi mpevu, kupwa kunapoangukia alfajiri.

Leo ndiyo ilikuwa siku hiyo. Kupwa saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya saa moja tulikuwa tandikoni, mimi juu ya Shela, saisi juu ya yule farasi mzee mweupe, tukaelekea kaskazini, Bamburi kwenda Shanzu. Upepo wa kaskazi usoni, miamba mbali ikivunja mawimbi, ufuo mtupu isipokuwa wanawake wawili wakichokora pweza. Tulikwenda telki, mbio ndogo, muda mrefu, halafu saisi akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa, tukaenda shoti. Farasi akienda shoti kuna nukta ambapo miguu yote minne iko hewani. Huioni, unaisikia, kwa sababu kishindo kinakatika. Kishindo, kishindo, kishindo, kimya. Katika kile kimya nilimkumbuka bibi.

Kosa ni langu. Tulipofika mwisho saisi alisema turudi, nami nikaomba tupumzike kidogo chini ya mivinje. Kidogo ikawa saa nzima. Njiani nilisimama tena kuzungumza na mtu ninayemjua. Ilipofika saa nne na robo tulikuwa bado hatujapita ile sehemu yenye ukuta.

Ukuta wenyewe sitautaja ni wa nani. Ni wa mawe na saruji, umesogezwa mbele mpaka kwenye mchanga, na mbele yake hakuna ufuo wa juu tena. Popote pengine maji yakijaa unapanda juu kidogo, kwenye mchanga mlaini, unapita. Hapo hapandiki. Maji yalikuwa yanaupiga ukuta na kurudi, yakikutana na wimbi jingine linalokuja, na chini yake kuna mawe ya tumbawe yaliyochongoka. Urefu wa pale ni kama hatua mia mbili tu. Nilidhani tutapita. Nikambana Shela kwa mashavu ya miguu.

Akasimama. Masikio mawili mbele, kisha moja likageuka nyuma, kwangu. Akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa povu, akakoroma puani, akarudi hatua moja. Nikambana tena, na aibu inanishika nikiandika, nikavuta na hatamu. Akarudi hatua mbili. Ngozi ya bega lake ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa.

"Mama, tusimlazimishe," saisi akasema. "Yeye ndiye mwenye miguu."

Nikashuka. Maji yalinifika magotini, na wimbi lililorudi ukutani likanisukuma hivi nusura nianguke. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nataka kumfanyia.

Nyuma yetu kulikuwa na geti dogo la kutokea ufuoni. Saisi akaenda kumwomba mlinzi atupitishe mpaka barabarani. Mlinzi alikataa, kwa upole. "Nikiwafungulia nitafukuzwa kazi, mama, mniwie radhi." Sina kinyongo naye. Ana watoto kama mimi.

Tukarudi mpaka penye mivinje na mashua mbili zilizopandishwa nchi kavu. Mzee mmoja alikuwa ameketi akisuka dema, mtego wa samaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mmefungiwa?"

Akatueleza, bila kusimamisha mikono, kwamba pale kwenye geti palikuwa na kichochoro mpaka barabara kuu. Yeye na wenzake walipitisha madema, samaki, hata jeneza moja mara moja, la mvuvi aliyefia baharini. Kikazibwa nusu, kikazibwa chote. "Sasa sisi pia twangoja maji," akasema.

Farasi hunywa lita thelathini au arubaini kwa siku, na juani zaidi, nami sikuwa nimebeba hata chupa ya kutosha. Yule mzee alimtuma mjukuu wake, akarudi na mitungi miwili ya lita 20 juu ya baiskeli. Shela alimaliza wa kwanza bila kuinua kichwa. Nilisimama karibu nikiangalia maji yakipanda shingoni, mafundo yanayoonekana chini ya ngozi, moja, moja, na masikio yakienda mbele na nyuma kwa kila fundo. Mzee alikataa pesa. Nilimpa mjukuu "ya kutengeneza baiskeli", ndiyo njia pekee iliyokubalika.

Tulikaa hapo mpaka saa tisa mchana, kwa muda wa karibu saa tano nzima, na katika kukaa huko nikawa na mawazo. Binamu yangu aliyeko London alinitumia picha mwaka jana, amesimama Hyde Park kando ya njia pana ya mchanga inayoitwa Rotten Row. Mfalme William III aliitengenezea taa 300 za mafuta mwishoni mwa karne ya 17, na mpaka leo ni njia ya farasi katikati ya jiji lile. Wimbledon kuna uwanja wa umma ambao walinzi wake wengine huzunguka wakiwa juu ya farasi. Na sheria yao ya 1925 iliwapa wananchi haki ya kuingia kwenye viwanja vya umma vya mjini kwa ajili ya "hewa na mazoezi", mahakama ikakubali 1998 kwamba aliye juu ya farasi naye yumo. Maneno hayo, hewa na mazoezi, yalinigusa kuliko zile taa za mfalme.

Na sisi tunayo yetu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Yote. Maana yake pale Shela alipokataa kwenda, pale penye povu na mawe, ni pangu, ni pa mlinzi, ni pa babu wa madema. Swali ni alama ya maji kujaa iko wapi hasa, na kama ukuta umesimama nyuma yake au juu yake. Leo niliona maji yakiupiga ukuta siku ambayo hata bamvua haijafika. Bamvua ikifika itakuwaje?

Saa tisa maji yalikuwa yamerudi kiasi. Tulipita polepole, saisi mbele, mimi kwa miguu nikimwongoza Shela kwa hatamu iliyolegea. Alipita. Alinusa kila jiwe, lakini alipita.

Bandani tukamwosha kwa maji baridi, miguu kwanza, chumvi itoke. Saisi akainua kwato moja moja na kuchokoa mchanga. Kwenye kwato ya mbele, kushoto, kulikuwa na kipande cha tumbawe kimekwama, kidogo kama punje ya mahindi. Akakitoa, akaniwekea kiganjani bila kusema neno.

Kiko hapa mezani ninapoandika.

Jumamosi ijayo maji yatakupwa adhuhuri, jua la utosi, hatutatoka. Ile ya baada yake kupwa ni kabla ya saa kumi na mbili tena. Nimeweka alama kwenye kalenda, na pembeni nimeandika: maji ya Shela lita 20, futi ya fundi, kalamu. Nitapima kutoka msingi wa ukuta mpaka mstari wa mwani uliokauka, na babu amekubali kunionyesha kichochoro kilikoanzia. Barua ya kwenda ofisi ya ardhi ya kaunti nimeianza, mistari minne. Kesho naiendeleza.