Noti Iliyofuliwa

Niliondoka nyumbani na noti moja ndani ya albamu ya picha, tayari nikijiita mkusanyaji. Ilikuwa marki 1,000 ya Ujerumani, ya rangi ya kahawia, yenye tarehe ya mwaka 1910. Nilikuwa nimeinunua mtandaoni kwa mtu aliyeapa kwamba tangu itoke kiwandani haijawahi kukunjwa. Nami nilimwamini, maana ilikuwa imenyooka kama kola ya bwana harusi. Mpango wangu ulikuwa kupita Frankfurt, Maastricht na London, nijifunze njiani, na nirudi na mwanzo wa mkusanyo wa kweli. Sikujua kama somo lenyewe nilikuwa nimelibeba begini.

Frankfurt nilienda kwenye jumba la makumbusho ya fedha la Benki Kuu ya Ujerumani. Kiingilio ni bure, na kwa mtu anayeanza sijui mahali pengine pazuri zaidi pa kupotezea asubuhi nzima. Nilisimama muda mrefu mbele ya noti za mwaka 1923, wakati bei zilipokuwa zikibadilika kati ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Viwanda zaidi ya 130 vya uchapaji vilikuwa vikiisaidia benki kuu kuchapa, na bado noti hazikutosha. Nyingi zilichapwa upande mmoja tu, nyuma zikaachwa nyeupe kama karatasi ya daftari. Novemba mwaka ule, marki trilioni moja za zamani zilihesabiwa sawa na Rentenmark moja mpya.

Wageni wengi walikuwa wakihesabu sifuri na kucheka. Mimi nilinaswa na noti moja ndogo, marki 1,000 yenye tarehe ya Desemba 1922. Hiyo haikuwahi kutumika kama elfu. Waliichukua ikiwa imeshachapwa, wakaigonga maandishi mekundu ya mshazari kuikatiza: Eine Milliarde Mark, bilioni moja. Wino mwekundu juu ya thamani ya zamani, basi, kazi imekwisha. Niliiona ile haraka yao. Mtu aliyebuni noti ya chini alikuwa na muda wa kuchora mapambo. Aliyegonga ya juu hakuwa nao.

Hapo ndipo nilipopata cha kukusanya. Kabla ya hapo nilikuwa na wazo la kijinga la kupata noti moja kutoka kila nchi, kazi ambayo humchosha mtu kabla hajafika nusu na kumwachia rundo lisilozungumza. Nikaamua: noti zilizogongwa. Zile ambazo serikali ilizichapa kwa nia moja, kisha ikalazimika kuandika juu yake jambo jingine.

Treni ya kwenda Liège hupita Köln na Aachen, na kutoka Liège ni mwendo mfupi wa treni ndogo hadi Maastricht. Safari haikuwa na kisa, ila mvua.

Maastricht, kusini mwa Uholanzi, ni jina ambalo wakusanyaji wa noti hulitamka jinsi waumini wanavyotaja mji wa hija. Maonyesho yake ya noti za karatasi yalifanyika kwa miaka mingi Valkenburg, mji mdogo wa jirani, kabla ya kuhamia hapa. Ukumbi ni mkubwa, umejaa meza, na kila meza ina taa na mtu aliyeinama. Utulivu wake ulinishangaza. Nilitarajia kelele za soko, nikakuta mnong'ono wa karatasi.

Noti za bei ya kutisha hukaa ndani ya vioo. Sisi wageni tunaelekea kwenye makasha ya pembeni, ambamo maelfu ya noti za kawaida zimesimamishwa kama kadi za maktaba. Kwenye kasha moja la namna hiyo nilikutana na mzee mmoja muuzaji. Nilimwonyesha albamu yangu, kifua mbele. Kwanza hakuitazama noti, aliinusa albamu.

"Plastiki hii itaiua," alisema.

Harufu ile niliyoidhani ya upya ilikuwa ya PVC laini. Miaka ikipita, plastiki hiyo hutoa kemikali zinazonata na kuila karatasi. Noti hutakiwa kukaa kwenye vifuko vya poliesta, mbali na jua, mahali pasipo unyevu mwingi. Baada ya kunieleza hayo aliichukua marki yangu, akazima taa ya meza na kuwasha kitochi cha urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa macho. Akaweka pembeni noti yake mwenyewe ya aina ileile, iliyochakaa, yenye mikunjo. Yake ilibaki na weusi wa kufifia. Yangu iling'aa buluu kama shati jeupe chini ya taa za disko.

"Imefuliwa," akasema. "Kisha ikapigwa pasi."

Karatasi ya noti za zamani hutengenezwa kwa nyuzi za pamba au kitani. Haina ile dawa ya kung'arisha inayotiwa kwenye karatasi za siku hizi na kwenye sabuni za kufulia. Noti ya 1910 iking'aa hivyo, ama si ya 1910, ama imeogeshwa. Akaiinua karibu na taa ya kawaida, mwanga ukiipiga kwa ubavu, na mikunjo mitatu niliyokuwa sijaiona ikajitokeza, hafifu kama makovu ya utotoni. Kisha akaniambia nifumbe macho na kuzipapasa zote mbili. Yake ilikuwa na mparuzo, wino ukisimama juu ya karatasi. Yangu ilikuwa laini, imelala, kama kitambaa cha meza.

Halafu akaongeza la pili, bila huruma. Muhuri wa noti yangu ulikuwa wa kijani. Zile zenye muhuri mwekundu ndizo za mwanzo. Za kijani zilichapwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ingawa tarehe iliachwa ileile ya 1910. Kwa hiyo hata umri wake niliusoma vibaya.

Nakiri nilinyamaza kwa muda. Si kwa sababu ya hasara, kwani noti hiyo ni miongoni mwa zilizo nyingi kabisa. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeisoma namba na tarehe, lakini karatasi sikuwahi kuitazama.

Siku ile na iliyofuata nilinunua kidogo na kukataa sana. Ile bilioni ya wino mwekundu niliipata kwenye kasha la kwanza. Ilikuwa na mkunjo mmoja wa katikati, na safari hii nilishukuru kuuona mkunjo. Nikapata kroni 1,000 ya Austria na Hungaria yenye tarehe ya 1902. Ufalme uliposambaratika, nchi zilizozaliwa humo zilijikuta na noti zilezile, na kila moja ikatafuta namna ya kutambua zilizo zake. Chekoslovakia ilifunga mipaka mwaka 1919 na kubandika stempu juu ya noti. Austria iligonga neno Deutschösterreich, yaani Austria ya Kijerumani. Yangu ni ya hao wa mwisho. Ya tatu ni ya Brazili ya mwaka 1986, krusero, fedha ya zamani ya huko, zilizogongwa mduara wenye thamani mpya kwa kruzado, fedha iliyoirithi, baada ya kukatwa sifuri tatu.

Moja niliiacha, na bado naiota: dola ya Marekani yenye neno HAWAII. Mwaka 1942, kwa hofu kwamba Japani ingeviteka visiwa vile, noti za huko ziliandikwa hivyo ili, vikitekwa, zitangazwe kuwa si fedha tena. Niliyoiona ilikuwa imeunganishwa nyuma kwa selotepu, na gundi ilishageuka njano na kupenya hadi mbele. Kule kwenye vioo zilikuwapo safi, lakini mfuko wangu haukufika huko.

Yule mzee alinitahadharisha pia kwamba nimechagua uwanja wa matapeli. Kughushi noti nzima ni kazi ngumu. Kununua noti ya kweli, ya kawaida, na kuigonga muhuri wa uongo, anaweza mtu yeyote mwenye subira. Akanifundisha kutazama kwa lenzi mahali wino wa juu unapokutana na mkunjo. Kama muhuri uligongwa enzi zake, mkunjo wa baadaye umeukatiza. Wino ukiwa umetiririka ndani ya mkunjo, rudisha noti mezani na uage kwa adabu.

London niliingia Ijumaa usiku, kupitia Brussels na chini ya bahari. Jumamosi asubuhi nilikuwa mbele ya makumbusho ya Benki Kuu ya Uingereza, mlango umefungwa: hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, na sikuwa nimeuliza. Nikaenda British Museum, chumba namba 68, penye noti ya China, ya enzi ya utawala wa Ming, ya mwaka 1375. Ni kubwa kama ukurasa wa kitabu cha ramani, ya kijivu, imetengenezwa kwa gome la mforosadi. Katikati wamechora mafungu ya sarafu ili hata asiyejua kusoma aelewe, na chini yake kuna onyo: mghushi atauawa, na atakayemfichua atapewa madini ya fedha ya uzito wa lianga 250, kipimo cha Kichina, pamoja na mali ya mhalifu. Mikunjo imeikata vipande vipande. Hakuna aliyethubutu kuipiga pasi.

Jumatatu mlango ule mwingine ulifunguka. Noti nyeupe za zamani za Uingereza zimechapwa upande mmoja tu, wino mweusi, na zile za awali zilijazwa na karani kwa kalamu. Noti hizo nyeupe ndizo walizoghushi Wanazi kwa mikono ya wafungwa wa kambi ya Sachsenhausen. Nilizitazama kwa ubavu, kichwa kimeinama, hadi mlinzi akaanza kunitazama mimi.

Uwanja wa ndege, ofisa wa ukaguzi alitoa vifuko vyangu begini. Akaishika ile ya wino mwekundu, akauliza ni kiasi gani. Nikamwambia bilioni moja. Alicheka, akalamba kidole gumba na kukielekeza kwenye pembe iliyokunjika ili ainyooshe.

Niliikinga kwa mkono, nikamtolea ile ya 1910. Hiyo aliipapasa apendavyo.