Kilo 22

Binti yangu amerudi kutoka darasa la kipaimara na swali. Mwalimu wao amewafundisha kwamba walizaliwa mara ya pili siku walipobatizwa, na yeye alibatizwa akiwa na miezi mitatu. Rafiki yake wa shuleni, anayesali na walokole, amemwambia hiyo haihesabiki mpaka mtu atubu kwa kinywa chake na kuijua siku yenyewe. "Baba, wewe ulizaliwa lini? Na Mungu alisema nawe kwa Kiswahili au kwa Kihaya?"

Swali la kwanza nililijibu kwa Yohana 3. Neno la Kigiriki lililoandikwa pale, anothen, lina maana mbili: "tena" na "kutoka juu". Biblia yetu ya Union imeshika "mara ya pili", na Nikodemo naye alisikia hivyo hivyo, ndiyo maana akauliza kama mzee anaweza kurudi tumboni mwa mama yake. Yesu akamjibu kwa maji na Roho. Sisi Walutheri tumeyashika maji, kwa kuwa Tito 3:5 inataja kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili. Lakini Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, inasema maji hayo maana yake ni utu wa kale kuzamishwa kila siku kwa toba. Hilo la "kila siku" ndilo tunaloliruka, na hapo ndipo walokole wana haki ya kutuuliza.

Swali la lugha sikulijibu. Lilinirudisha kwenye mizani ya kahawa, Bukoba, 1998.

Kilikuwa kituo cha kununulia kahawa ya wakulima. Nilikuwa karani wa kupima. Kahawa maganda ikifika, gunia linaning'inizwa kwenye mizani ya saa, karani anasoma mshale, anaandika daftarini, anampa mkulima risiti. Wizi uko sehemu mbili. Kwanza, kabla ya kuning'iniza, mshale unaurudisha nyuma ya sifuri kwa kilo 1; kidhibiti cha mshale kiko chini ya saa, na mkulima amesimama upande wa mgongo wa mizani. Pili, gunia tupu la katani lina karibu kilo 1, wewe unatoa 2. Kila gunia limekupa kilo 2. Jioni kahawa ya ziada inaandikwa kwa kadi ya ndugu yako, na malipo yake unayachukua wewe. Mkaguzi haoni kitu, kwa sababu kilo za daftari na kilo za stoo zinalingana.

Jumanne jioni nilikuwa nakwenda kwenye ushirika wa walokole. Bibi yangu alikuwa wa kizazi kilichoupokea uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kutufikia sisi miaka ya 1930. Nilikwenda kwa ajili yake. Utaratibu ni ule ule hadi leo: Neno linasomwa, kisha kila aliye na mzigo anasimama na kuuweka nuruni, kwa jina la dhambi yenyewe. Hawakubali "nimekosa mengi". Husema dhambi isiyotajwa haijatubiwa.

Jumanne hiyo mzee mmoja alishuhudia jinsi alivyorudisha jembe la jirani baada ya miaka kumi na moja. Alipokuwa bado anasema, nilisikia "mbili". Sikuisikia kwa sikio, wala hapakuwa na mwanga. Ilikuwa namba tu, mbili, mbili, na nikajua ni kilo. Nilitoka jasho mgongoni. Pambio lilipoanza nilikuwa nimekwisha kusimama na kusema mizani.

Kilichofuata nakieleza kwa haraka. Usiku ule nililala nikiwa na hakika kwamba Mungu ananiita niache kazi nikahubiri. Asubuhi nikamwambia kiongozi wa ushirika. Hakunipinga. Aliniuliza mambo manne: Je, sauti hiyo inakubaliana na Maandiko? Ndugu wanaithibitisha, au ni wewe peke yako? Inakukweza au inakushusha? Na ukingoja siku saba, itabaki? Ndivyo walivyokuwa wakitii agizo la 1 Yohana 4:1, la kuzijaribu roho. Samweli mwenyewe aliitwa mara tatu akadhani ni Eli, na Eli ndiye aliyemfundisha kujibu. Wito wa kuhubiri ulikwisha siku ya tano. Ile "mbili" ilibaki.

Basi tukakaa na daftari. Zakayo alirudisha mara nne, lakini alijitolea mwenyewe. Hesabu 5:7 inamwagiza anayeungama arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kiongozi akaniambia nishike sehemu ya tano, nisikope ili nilipe, kwa sababu anayekopa anahamisha deni tu. Niende na ndugu mmoja wa kushuhudia. Nitaje namba kwanza, kisha niombe msamaha, nisieleze kwa nini. Wengi huharibu hapo: wanasema "kama nilikukosea", halafu aliyeibiwa anajikuta anawabembeleza wao. Na nisimtaje karani mwingine yeyote. Ungamo ni la dhambi yako.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa bibi mmoja mjane. Magunia 9 kwa misimu miwili: kilo 18, na sehemu ya tano kilo 3.6. Nikaandika 22, nikapiga kwa bei ya msimu ule, nikazifunga pesa kwenye bahasha.

Nyumba yake ilikuwa katikati ya migomba, sakafuni kumetandikwa nyasi mbichi. Alitukaribisha tukae, na kabla sijafungua kinywa akaleta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akakishika mbele yangu kwa mikono miwili. Mnajua kwetu mgeni hakatai. Nikachukua mbili, kahawa ya kibanja kile kile, nikaziweka mdomoni, na nikashindwa kuzitafuna. Zilikaa ulimini, chungu, zina harufu ya majani zilizochemshiwa. Mkono wake ulikuwa na ufa mweusi kwenye kidole gumba, ule unaoachwa na maganda wakati wa kuanika. Alikuwa akingoja nitafune.

"Bibi, nilikupunja kilo 18."

Akakiweka kikapu chini. "Kumi na nane," akasema. "Mimi nilihesabu kama ishirini. Napima kwa debe hapa nyumbani kabla sijapeleka."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Sikukuambia wewe, mjukuu wangu. Nilimwambia Mungu, kila jioni, tangu msimu wa kwanza."

Ndugu niliyekwenda naye akaanza kusema jinsi Bwana alivyosema nami Jumanne. Bibi akamwacha amalize. Kisha akaniuliza taratibu, "Alikuambia nini?"

"Mbili."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayetambua maneno yake mwenyewe. "Basi alikuwa ananijibu mimi."

Alizihesabu pesa, akazirudia. Akanisamehe kwa maneno machache, akanitaka nitafune kahawa zangu.

Tangu siku ile nimeitaja Jumanne hiyo kama siku yangu ya kuzaliwa, katika ushuhuda, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ninaiamini. Lakini kila ninapofika kwenye sauti, nasita, maana sijui kama niliisikia kama mtu aliyeitwa, au kama mtu aliyesimama karibu wakati mwingine akijibiwa. Na kama ni hilo la pili, sijui linapunguza nini.

Nilimsimulia binti yangu yote haya juzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na yule bibi, yeye aliokoka lini?"

Ukutani kwa bibi yule, juu ya mtungi wa maji, ilining'inia rozari. Alikuwa Mkatoliki, kama nusu ya majirani zetu, na katika ushirika wetu wakati ule watu kama yeye tuliwaombea waokoke. Tulimwombea naye, kwa jina, Jumanne iliyofuata. Nilimwambia binti yangu hivyo.

Akaniuliza kama bibi alijua tunamwombea. Sikuwahi kumwambia.