Daftari la IST

Mwezi Agosti mwaka 2018 nilipokea barua ya kuhamishiwa Dodoma, nikiwa miongoni mwa watumishi wa umma waliokuwa wakiifuata Serikali huko. Katika mambo yote niliyotakiwa kuyamaliza Dar es Salaam kabla ya mwisho wa Septemba, lililoninyima usingizi halikuwa kufungasha vyombo wala kuwatafutia watoto shule, bali bei ya gari. Nilikuwa nimekwisha kuamua kuuza Toyota IST yangu ya rangi ya fedha, iliyotengenezwa mwaka 2004, cc 1290, namba C (yaani namba ya usajili ambayo herufi zake zinaanza na C baada ya tarakimu), ili nipate fedha za kupangia nyumba na kulipia kiwanja. Niliitisha karatasi na kalamu nikidhani kwamba ndani ya nusu saa nitakuwa nimeipata bei.

Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyeumia. Gari lilipoingia nchini mwaka 2014 lilinigharimu milioni 10 na laki 4 mpaka kufungwa namba. Tangu siku hiyo nilikuwa na daftari dogo la jalada jekundu lililokaa ndani ya dashibodi, ambamo niliandika kila kitu: tarehe, kilomita, jina la kifaa na fedha iliyotoka. Nilijumlisha kurasa zote nikapata milioni 3 na laki moja, bila mafuta wala bima. Nikajiambia kwamba gari limekula karibu milioni 13 na nusu, kwa hiyo nikiliuza milioni 9 na nusu nitakuwa nimemfanyia mnunuzi hisani kubwa.

Nilipompelekea hesabu hiyo fundi wangu wa Tegeta, mzee aliyekuwa akilitengeneza gari hilo tangu mwanzo, aliisoma mpaka mwisho huku akijifuta grisi vidoleni, kisha akanirudishia karatasi.

"Kijana wangu, mnunuzi hakulipi ulichokula. Anakulipa kilichobaki sahanini."

Nilimbishia kwamba mimi nimebadilisha bushi zote za mbele, nimeweka betri mpya, nimefanya sevisi kila kilomita elfu tano. Akasema kwamba hayo yote ndiyo yanayolifanya liitwe gari. Lisingefanyiwa hayo lingeitwa vyuma chakavu, na vyuma chakavu vina bei yake kule mtaani Gerezani, jirani na Kariakoo. Kisha akanipa kazi mbili. Ya kwanza ni kujua leo hii mtu akiagiza gari kama langu kutoka Japani litamfikia kwa shilingi ngapi, kwa kuwa hakuna mwenye akili atakayelipa zaidi ya hapo. Ya pili ni kujua dalali angelichukua kwa fedha taslimu kwa kiasi gani, kwa kuwa hakuna sababu ya kuuza chini ya hapo.

Kazi ya kwanza ilinifungua macho. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na gharama ya kulifikisha bandarini, na thamani yenyewe ni ile wanayoikubali TRA, mamlaka ya mapato, si lazima ile ya risiti yako. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, kisha ule ambao watu huuita kodi ya uchakavu kwa magari ya umri kama wa langu, na VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ambayo ushuru umo tayari. Tena dola, ambayo nilipoagiza ilikuwa kwenye shilingi 1,650 hivi, ilikuwa imekaribia 2,300. Nilipomaliza kukokotoa nikaona kwamba IST ya mwaka uleule, ikiagizwa mwezi ule, ingefika barabarani kwa takriban milioni 11 na laki 6. Gari langu lilikuwa limezeeka kwa miaka minne na pacha wake alikuwa amepanda bei kwa zaidi ya milioni moja. Nilifurahi kwa muda wa jioni moja, kabla sijakumbuka kwamba huyo wa kuagizwa angefungwa namba D, za usajili mpya zaidi, na katika jiji lile kulikuwa na watu waliosoma herufi hiyo kabla hawajatazama injini.

Kazi ya pili ilinifundisha zaidi, ingawa sikuipenda. Dalali mmoja wa Mwenge alilizunguka gari mara mbili, akagonga gonga bodi kwa kifundo cha kidole, akasema milioni 6 na laki 2, anatoa leo. Nilimwambia nitafikiri. Akaomba apige picha "za kumbukumbu", nami kwa ujinga nikamruhusu. Siku mbili baadaye mwenzangu wa ofisini alinionyesha tangazo kwenye simu yake: IST kali, mkono wa kwanza, ilikuwa ikitumiwa na mwanamama, injini haijawahi kuguswa, milioni 8 na laki 9, maongezi yapo. Kwenye kioo cha nyuma ilionekana waziwazi stika ya samaki aliyoibandika binti yangu. Nilikasirika kugeuzwa mwanamama, lakini nilipotulia nikaona kwamba yule bwana, bila kukusudia, amenionyesha ukubwa wa cha juu: baina ya fedha aliyotaka kunipa na aliyotaka kupewa palikuwa na milioni 2 na laki 7.

Hata hivyo, bei inayotangazwa ni bei inayoombwa, si inayolipwa. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo mpaka leo naona lilikuwa la maana kuliko hesabu zangu zote: nikajifanya mnunuzi. Niliwapigia simu watu watano waliokuwa wakiuza IST za namba C, nikawauliza kwa upole bei ya mwisho. Kabla hata sijaona gari, wanne walishuka kwa laki tano au zaidi. Wakaishia baina ya milioni 7 na nusu na milioni 8 na laki 3. Wa tano aliniambia kwamba kama sina hela nikanunue bodaboda. Nilichukua milioni 7 na laki 9 kuwa bei ya gari lisilo na kasoro, kisha nikarudi kwa mzee ili tulihesabie langu kasoro zake.

Hapa tulikaa muda mrefu. Tairi mbili za mbele zilikuwa zimekwisha: laki mbili. Shokapu za nyuma zilivuja: laki moja na elfu sitini. Mlango wa kushoto ulikuwa umekwaruzwa na daladala na kupulizwa rangi isiyofanana sana na ya mwanzo, lakini mzee alisema kwa gari la umri ule mkwaruzo hauhesabiwi. Tukanyamaza kidogo, kwa sababu sote wawili tulikuwa tukilifikiria jambo moja. Desemba ya mwaka uliotangulia, nikitoka Tanga na familia, gari lilichemsha karibu na Mkata. Rejeta ilikuwa imeziba kwa kutu, kwa kuwa kwa miezi mingi nilikuwa nikiongeza maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, na nilipoona mshale wa joto umepanda nikajipa moyo kwamba nitafika kijiji kinachofuata. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, iliungua. Matengenezo yalinigharimu laki 4 na elfu 80, na tangu hapo halikuwahi kuchemsha tena.

Nilimwuliza mzee kama ni lazima niseme.

"Ukisema, punguza laki tatu," alinijibu. "Ukinyamaza, jiandae kupokea simu."

Nilitoa hizo laki tatu, pamoja na za tairi na shokapu. Ikabaki milioni 7 na laki 2 na ushei, nami nikaiandika 7,250,000 kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Mzee alinishauri niiombe milioni 7 na laki 7, kwa maelezo kwamba kwetu mtu asipopunguziwa, hata ukimwambia ukweli hakuamini. Kwa namna fulani niliona aibu, kwa sababu bei niliyokuwa nimeisumbukia wiki tatu ingelazimika kufichwa nyuma ya bei ya uongo ili ikubalike. Lakini nilifuata ushauri wake.

Aliyelinunua ni mama mmoja muuza vitenge wa Mbagala, aliyekuja Jumamosi asubuhi na mtoto wa kaka yake, kijana fundi wa magari. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe na kumwachia kijana kazi. Kabla boneti halijafunguliwa nilimweleza habari ya Mkata. Hakusema neno. Kijana alifungua kifuniko cha oili, akakigeuza kwenye mwanga kutafuta ile rangi ya chai ya maziwa inayoonyesha kwamba maji yameingia kwenye oili, hakuiona. Akafungua rejeta injini ikiwa baridi, akawasha, akatazama kama kuna mapovu. Mwishowe akapitisha kidole pembeni mwa hedi.

"Shangazi, ni kweli imefunguliwa. Gasketi ni mpya."

"Si ameshasema?" alijibu yule mama. Kisha akanigeukia. "Milioni 6 na nusu, mwanangu."

Tulivutana kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Alipofika milioni 7 akasimama hapo, akisema kwamba gari lililowahi kuchemsha ni kama mgonjwa aliyepona: unamsalimia kwa furaha lakini humkopeshi. Nilicheka, na kwa kuwa sikuwa na hoja nyingine nikamletea daftari. Alilisoma taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata mistari, akimwuliza kijana maana ya hiki na kile. Alipofika ukurasa wa mwisho nikakumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba nilikuwa nimeandika humo hesabu yangu yote, pamoja na ile laki tatu na jumla niliyoipigia mstari mara mbili.

"Kumbe bei yake ni hii," alisema.

Sikuweza kukana. Alisema atalipa hiyo hiyo, 7,250,000, na gharama za kubadilisha umiliki zitakuwa juu yake, ila daftari libaki kwenye gari. Jumatatu tuliandikishiana mkataba kwa wakili, yeye na shahidi wake, mimi na wangu, tukaenda pamoja benki, nikamkabidhi kadi na funguo mbili. Stika ya samaki nilisahau kuibandua. Alipokwisha kuketi kwenye usukani aliniomba kalamu, akafungua daftari juu ya mapaja yake, akatazama mita, na chini ya mstari wangu wa mwisho akaandika tarehe na kilomita 151,320.